Mtumbue samaki kwanza, mishale baadaye: namna ya kufuatilia nani anakula nini pwani

Kitabu nilichosomea bayolojia kilikuwa na mchoro mmoja: majani, pundamilia, simba. Mishale miwili, basi. Nilikariri, nikapata alama zangu, na mpaka leo pundamilia sijamuona ila kwenye kalenda. Sasa nafundisha mimi, kidato cha pili, skuli ya kijiji upande wa Chwaka, Unguja. Watoto wangu wanamjua tasi na changu tangu hawajajua kusoma. Kumfundisha mtoto kama huyo habari za nishati kwa kumchorea simba ni kumnyang'anya anachokijua ukampa asichokijua, halafu ukamlaumu kwamba hafahamu.

Kwa hivyo nina njia yangu. Walimu wenzangu wawili wameniomba niiandike, na nimeiandika kama ninavyoifanya, pamoja na nilipokosea. Inataka siku moja ya bamvua, maji yanapotoka mbali kabisa, asubuhi moja dikoni, ngalawa zinapoteremsha samaki, na kama miezi miwili ya kusubiri majani yaoze. Mzazi mwenye watoto wawili watatu nyumbani naye anaiweza, tena kwa wepesi kuliko mimi mwenye watoto thalathini na nane.

Anzia chunguni

Siku ya kwanza hatutoki darasani. Nawauliza: jana usiku mlikula nini? Mmoja wali na mchuzi wa changu, mwengine muhogo na dagaa, mwengine chai na mkate tu. Nachukua chakula kimoja, nakiandika ubaoni, kisha narudi nyuma. Wewe umekula changu. Changu kala nini? Kaa, watasema, na ni kweli. Kaa kala nini? Hapo darasa linagawanyika: tope, samaki wafu, majani, kaa wenziwe. Usiwajibu. Andika yote, kila moja na alama yake ya kuuliza.

Wazee wana msemo, mla ni mla leo, mla jana kala nini? Wao walikuwa na makusudio yao. Mimi nimekiiba kipande cha pili, nimekigeuza swali la kazi: kila kiumbe tutakayekutana naye ataulizwa kala nini jana, na jibu tutalitafuta tumboni mwake au mlangoni pake. La kukisia silikubali.

Kabla ya kwenda pwani kuna kosa moja la kuondoa, maana likibaki litaharibu kila kitu: watoto karibu wote wanaamini mmea unakula udongo. Si udongo. Sehemu kubwa ya mwili wa mmea, ukiukausha, imetokana na hewa ya kabonidaioksidi na maji, vikaunganishwa kwa nguvu ya mwanga wa jua ndani ya jani. Udongo unatoa chumvichumvi, naitrojini, fosforasi, potasiamu na nyenginezo, zinazohitajika kwa kiasi kidogo lakini bila yake hakuna kinachojengeka. Mwanga ni nishati, chumvichumvi ni virutubisho. Mambo mawili mbalimbali, na somo zima linasimama juu ya tofauti hiyo.

Kwetu ushahidi uko mlangoni. Waambie wafikirie mwani. Mama zao wanafunga kipande kwenye kamba kwa tai-tai, kamba inafungwa kwenye vigingi, na kipande kinaning'inia majini hakigusi mchanga. Baada ya wiki sita hivi kimekuwa kichaka. Hakina mzizi wa kunyonya chochote. Mwanga unakipiga, na virutubisho kinavichukua majini kwa mwili wake mzima. Mbegu za mwani huu zililetwa kutoka Ufilipino, na kilimo chake kwetu kikaanza mwaka 1989, kwa hivyo bibi wa mtoto yeyote darasani anakumbuka mwanzo wake na anaweza kuulizwa.

Ukitaka kuwaonesha jani likitengeneza chakula, fanya jaribio la aidini. Funika nusu ya jani la muhogo likiwa bado mtini kwa karatasi ya fedha, liache siku mbili za jua. Lichume alasiri, lichemshe dakika mbili katika maji, kisha litie ndani ya chupa ndogo ya kioo yenye spiriti, na chupa uiweke ndani ya sufuria ya maji ya moto *uliyokwisha kuiteremsha jikoni*. Spiriti itageuka kijani, jani litapauka. Lioshe, ulidondoshee aidini. Upande uliokuwa wazi utageuka buluu nyeusi, hiyo ndiyo wanga, na uliofunikwa utabaki na rangi ya kahawia ya aidini yenyewe. Nimesisitiza kuteremsha sufuria kwa sababu mwaka wangu wa kwanza niliiweka spiriti juu ya mkaa unaowaka. Ukaya wangu ulishika moto ukingoni. Watoto walicheka, mimi nilicheka kesho yake.

Kuchagua siku

Nenda bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu baada yake, maji yetu hutoka mbali, na tofauti baina ya kujaa na kupwa hufika kama mita nne. Jambo jema ni kwamba bamvua la kwetu hupwa kati ya asubuhi na adhuhuri, saa nne au tano hivi, kwa hivyo huna haja ya kumuamsha mtoto usiku. Ondoka skuli maji yanapotoka, fuata ukingo wake unavyorudi nyuma, na yakisimama uwe tayari umeanza kugeuka.

Mara moja nilipanga safari kwa kuangalia ratiba ya skuli, sikuangalia mwezi. Tulifika maji mafu. Yalitoka kidogo, yakakaa hapo hapo, na watoto thalathini na nane walisimama ufukweni wakichora mashua. Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa anaziba dema lake, ule mtego wa samaki, aliniambia, "Mwalimu, vitabu vyote hivyo na mwezi huujui?" Nilimpa shikamoo yake nikanyamaza.

Vaa viatu vya kufunga, raba kuukuu zinatosha. Yuko samaki anayejifanya jiwe, ana miba ya sumu mgongoni, na huwezi kumuona mpaka umeshamkanyaga. Mtu akichomwa, mguu utumbukizwe katika maji ya moto kadiri anavyovumilia, maana joto hupunguza maumivu ya sumu hiyo, kisha apelekwe hospitali. Yuko na konokono mwenye gamba zuri lililochongoka kama koni, lenye madoadoa. Huyo hashikwi kabisa, wala kwa kitambaa, kwa sababu ana mshale wa sumu na sumu yake imewahi kuua watu. Na mwisho, maji yakianza kurudi hayaji kwa mbele peke yake, hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako. Filimbi ikilia watu wote wanarudi, hakuna "mwalimu dakika moja".

Barazani kwa pweza, na vituo vyengine

Kila kundi la watoto wanne lina daftari, penseli (kalamu ya wino hailiwezi jasho la pwani) na ndoo moja. Sheria ni mbili: kinachoinuliwa kinarudishwa kilipokuwa, na jiwe lililopinduliwa linapinduliwa tena, kwa sababu walio chini yake wataungua na jua.

Kituo cha kwanza ni majani ya bahari, yale mabichi kama ukoka yanayolala mchangani maji yakitoka. Haya si mwani. Yana mizizi, yana maua, ni mmea kamili uliohamia baharini. Mwambie mtoto apitishe vidole juu ya jani la zamani: litakuwa na utelezi na vumbi la kahawia. Huo utelezi ni mimea midogo mno iliyoota juu ya jani, na wengi tunaodhani wanakula jani kumbe wanaramba kilicho juu yake. Andikeni hivyo. Kasa mkubwa wa kijani yeye hula jani lenyewe. Ng'amba si kama yeye, chakula chake kikubwa ni sifongo za miambani, na mtoto akiwachora kasa wote kwa mshale mmoja mrudishe.

Kituo cha pili, jongoo bahari. Analala kama kiatu kilichosahauliwa. Nyuma yake kuna uzi wa mchanga uliokatikakatika, kama tambi. "Mwalimu, huyu anakula mchanga!" Ndiyo na siyo. Anaumeza mchanga, anachuja bakteria na mabaki yaliyooza yaliyoshikamana na chembe zake, kisha anautoa mchanga umesafishwa. Hapa ndipo wanapokutana kwa mara ya kwanza na kiumbe anayeishi kwa uozo, na uso wa mtoto unavyokunjamana ni dalili kwamba somo limeingia.

Kituo cha tatu ndicho ninachokipenda, mlango wa pweza. Mtafute kwa alama, si kwa macho yake. Kwenye mwamba kuna tundu, na mbele ya tundu kuna baraza ya makombe yaliyovunjika, magamba ya kaa, vipande vya chaza. Hiyo ni orodha ya vyakula vyake. Usimchokoe, si siku yake. Kusanyeni magamba ya barazani, yapangeni mchangani kwa aina, yahesabuni. Mengine yana kitundu kidogo kama cha sindano. Pweza akishindwa kulifungua kombe kwa nguvu hulitoboa, akapitisha sumu ndani, misuli ikalegea. Watoto wa mama zetu wavuvi wa pweza wanajua kumtoa shimoni kwa kijiti, lakini magamba yale wengi huyakanyaga tu. Mwaka juzi kundi moja lilihesabu kaa wengi kuliko vyote vyengine vikijumlishwa, na msichana mmoja akaniuliza kama kaa wakiisha pweza atahama. Swali kama hilo halimo kwenye mtihani wowote niliowahi kuusimamia.

Chaza walioganda mwambani na matumbawe pitieni haraka, jua litakuwa limeshakuwa kali. Chaza hunywa maji na kuchuja vinavyoelea. Tumbawe ni mnyama, ingawa limetulia kama jiwe, na lina milango miwili ya riziki: usiku hunyoosha vijidole kukamata vidudu vya majini, na mchana mimea midogo inayoishi ndani ya nyama yake humtengenezea sukari kwa mwanga. Maji yakizidi joto hufukuzana, tumbawe linabaki jeupe, na likikaa hivyo muda mrefu linakufa kwa njaa. Yalipauka sana mwaka 1998, na tena 2016.

Dikoni: kutumbua

Asubuhi ya siku nyengine nenda dikoni wakati ngalawa zinaingia. Usiende kununua samaki, nenda kwa wanaopara. Waombe matumbo. Watakushangaa, kisha watakupa bure, na ukiwaeleza unachofanya watakuitia wenzao. Taka samaki ambao bado hawajapasuliwa ili mtoto aone jina na tumbo pamoja. Ukiweza pata tasi, changu, na chewa mdogo.

Tasi kwanza, na chunga miba yake, inauma mno. Dawa yake ni ile ile, maji ya moto. Mtumbue, kisha mpe mtoto utumbo aunyooshe mezani. Atashangaa hauishi. Umejikunja kama kamba ya nazi iliyosokotwa, mrefu kuliko samaki mwenyewe mara kadhaa, umejaa kitu cha kijani kama kisamvu kilichotwangwa. Sasa changu. Utumbo mfupi, tumbo nene, na ndani yake vipande vya gamba la kaa, vijikombe, pengine mguu mzima. Waulize kwa nini mmoja mrefu na mwengine mfupi. Mla majani anapata chakula kigumu kuvunjika na chenye lishe ndogo, kwa hivyo kinahitaji muda na njia ndefu. Nyama huvunjika upesi.

Tia kidogo cha kila tumbo katika kisahani cheupe chenye maji, uchambue kwa kijiti cha meno. Lenzi ya mkono ikiwepo vyema. Matumbo mengine utayakuta matupu, na hilo pia liandikwe, maana samaki wa dema amekaa ndani usiku kucha hana cha kula.

Ukiwa hapo muulize mama yeyote mkulima wa mwani kuhusu tasi. Utamsikia akilalamika. Atakuonesha ncha za mwani zimeliwa zimekuwa butu. Nikiwa mdogo mama yangu alikuwa akiwafukuza tasi kwa kupiga maji na ubao wa ngalawa, na jioni tukila tasi hao hao. Niliichukua kama kisa cha nyumbani tu. Nimeshaanza kufundisha ndipo nilipoona kwamba ni mnyororo wa chakula kamili: jua, mwani, tasi, mimi.

Kula si kunufaika, na hapa hutoka kidogo nje ya pwani. Kima punju wa msitu wa Jozani, ambao watoto wote wamewaona wakivuka barabara, tumbo lao lina vyumba na limejaa bakteria wanaochachusha majani kabla kima mwenyewe hajanyonya chochote. Wale walio karibu na mashamba hula majani ya mwembe na mkungu, yenye kemikali zinazozuia mmeng'enyo, na wamejifunza kuokota vipande vya mkaa na kuvitafuna, mkaa ukazishika kemikali hizo. Watu wanadhani kima anaiba mkaa kwa utundu. Anatafuta dawa ya tumbo.

Mikokoni, na mifuko ya vitunguu

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo vitabu vinapopita mbio.

Ukiwauliza watoto nani anakula mkoko, watakuambia hakuna. Ngamia huku hatuna, mbuzi haingii topeni, na jani bichi la mkoko ni gumu, chumvi tupu na uchungu. Ni kweli kwamba sehemu ndogo tu huliwa ikiwa mbichi. Majani ya bahari ni karibu vivyo hivyo: kasa na tasi hula kadiri yao, mengi yanabaki, yanakatika, yanasukumwa ufukweni na kuwa malundo ya kahawia ambayo mahoteli ya mashariki huyachota kwa reki kila asubuhi kana kwamba ni taka. Inua lundo moja kabla reki haijafika. Vidudu vinarukaruka chini yake kama viroboto, mamia, na ndege wa pwani wanaovisubiri wako hatua kumi nyuma yako.

Basi jani hilo, kama haliliwi likiwa hai, nishati yake inakwenda wapi? Fanyeni hivi.

Okoteni majani ya mkoko ya manjano yaliyoanguka siku hiyo hiyo. Kila jani liwekeni juu ya karatasi ya vidirisha, lichoreni pembezoni, hesabuni vidirisha. Tieni majani matano katika mfuko wa vitunguu, ule wa wavu mpana, na mengine matano katika soksi ya nailoni. Fungeni vinywa, vifungeni vyote viwili kwenye mzizi mmoja wa mkoko, mahali panapofunikwa na maji mara mbili kwa siku. Wekeni alama ya kitambaa chekundu, na waambieni wakata kuni na watoto wa jirani ni nini, la sivyo mtakuta soksi imeondoka. Rudini kila bamvua, yaani baada ya wiki mbili, toeni jani mojamoja, lisuuzeni, lichoreni tena.

Katika mfuko wa wavu mpana majani hupungua haraka, na pengine mtakuta yametafunwa pembezoni. Kaa wameingiza magando. Wengine hawasubiri: kaa wa mikokoni huvuta jani zima mpaka shimoni mwao, na ukikaa kimya robo saa utaona jani likitembea peke yake juu ya tope. Tondo, konokono wa mikokoni, nao wamo. Tondo wadogo hula tope la juu, wakubwa huhamia kwenye majani yaliyoanguka na kuyakwangua kwa ulimi wenye meno kama tupa. Kiumbe mmoja, riziki mbili kwa umri wake, kwa hivyo katika mchoro anapata mishale miwili. Katika soksi kaa na tondo hawafiki, na hapo jani huenda polepole. Kwanza linakuwa jeusi, kisha lina utelezi, kisha linabaki mishipa kama tenga. Huo utelezi ni bakteria na kuvu, ndio waozeshaji wenyewe, wanalila jani bila mdomo: wanamwaga vimeng'enya nje, jani linayeyuka, wanakinyonya kilichoyeyuka.

Jani lililooza ni chakula bora kuliko jani lililoanguka jana, na hili watoto hawalitegemei. Waozeshaji wanavuta naitrojini kutoka majini na kuiweka miilini mwao, juu ya jani. Jani lenyewe ni kama muhogo mkavu, na utelezi ule ni mchuzi. Kamba na vijikaa wanaokula vipande hivyo wanafuata mchuzi. Kamba huliwa na changu, changu yuko chunguni kwenu. Kwa hiyo mtoto aliyekunja uso mbele ya jongoo bahari nampeleka hatua kwa hatua mpaka kwenye sahani yake mwenyewe, na hapo huwa kimya.

Kabla hamjaondoka chimbeni tope kwa mkono mpaka kiwiko. Juu la kijivu, chini jeusi, na linanuka yai viza. Chini humo hamna oksijeni. Wako bakteria wanaopumua kwa kutumia salfati ya maji ya bahari, na harufu ile ndiyo pumzi yao. Na pale tope jeusi linapokutana na hewa wako bakteria wengine wanaoipokea gesi hiyo na kujipatia nguvu kutoka kwayo bila mwanga hata kidogo. Ni wachache duniani wanaojipatia riziki hivyo. Watoto wajue kwamba wapo, na kwamba wapo umbali wa kiwiko kutoka walipo.

Njugu mia moja

Rudini darasani, sasa ndiyo mishale. Kosa ni lile lile kila mwaka: mtoto anaandika "tasi anakula majani" na mshale anaufuatisha maneno, kutoka kwa tasi kwenda kwa majani. Mshale unafuata nishati. Unatoka kwa anayeliwa, ncha yake inaingia mdomoni mwa mlaji.

Maelezo hayasaidii, njugu zinasaidia. Watoto wanne wasimame mstari: jani, kidudu, samaki mdogo, chewa. Jani nampa njugu mia moja za kukaanga, mimi nikiwa jua. (Kusema kweli jua limemwaga nyingi mno kuliko hizo, jani hushika kama sehemu moja tu katika mia ya mwanga unaolipiga. Siku moja nilitaka kuonesha na hilo, nikaachana nalo, njugu ni ghali.) Jani anatia tisini katika bakuli lililoandikwa JOTO, anampa kidudu kumi. Kidudu anatia tisa, anampa samaki mdogo moja. Samaki mdogo anaitazama njugu yake. Chewa ananyoosha mkono. "Mwalimu, mimi sipati kitu!" Ndiyo, hupati, na ndiyo sababu chewa wakubwa hawajai baharini kama dagaa.

Sehemu moja katika kumi ni wastani wa kufikiria, si sheria. Kuna wanaopitisha zaidi na wanaopitisha pungufu. Lakini hesabu yake ifanyeni kwa kilo: kilo moja ya nguru ni kama kilo kumi za dagaa, dagaa hao ni kilo mia za vidudu vinavyoelea, na vidudu hivyo ni kilo elfu moja za mimea midogo ya majini. Kilo moja ya tasi ni kilo kumi za majani basi. Mtoto wa mchuuzi alinukuu bei za mnadani papo hapo.

Lile bakuli la JOTO usiwaache walile mpaka umewauliza: hizi zinaweza kurudi kwa jani? Haziwezi. Mwendo, pumzi, kujenga mwili, vyote vinamwaga joto, na joto halishikiki tena. Jua lazima limimine nyengine kesho. Virutubisho ni habari nyengine. Naitrojini iliyokuwa kwenye jani ikapita kwa kamba, changu, wewe, inarudi topeni na mkoko unaichukua upya. Nawaambia nishati ni kama mkaa wa kupikia, ukishawaka umewaka. Kirutubisho ni kama noti ya elfu moja: nimempa muuza urojo, yeye kampa mchukuzi, na wiki ijayo inanirudia imechakaa lakini ni ile ile.

Mchoro wenyewe

Karatasi moja kubwa kwa darasa zima, nyuma ya kalenda ya zamani inafaa. Wino wa rangi tatu. Kijani kwa mshale unaotoka kwenye kitu hai cha kijani, nyekundu kwa nyama, kahawia kwa uozo. Kila mshale uandikwe ushahidi wake pembeni kwa herufi ndogo: *tumboni*, *mlangoni*, *mfukoni*, au *nimeona*. Mshale usio na ushahidi unachorwa kwa nukta, na ninautolea alama vilevile, kwa sababu mtoto amekiri.

Ukimaliza simama mbali uhesabu rangi. Mwaka wa kwanza nilipofanya kwa rangi, kahawia ilikuwa mishale mitatu. Sikuridhika, nikawarudisha mikokoni na nyavu za vitunguu, na mwaka uliofuata kahawia iliwapita wengine wote.

Maganda, magamba na matumbo ya dikoni usiyatupe jaani. Yachukueni jioni maji yakiwa yanajaa, yamwageni kwenye kidimbwi kando ya mwamba, kisha kaeni chini mkiwa na penseli. Dakika ya pili au ya tatu kaa wa kwanza atatoka.